Kubariki Nyumba Yenye Magurudumu

Jirani yangu hapa Molo, mwalimu mstaafu, alinunua basi dogo la shule lililochakaa, akaliwekea kitanda, sinki na meko ya gesi, na tangu hapo mikono yake haijatulia. Anafunga sufuria kwa mpira wa tyubu, anatikisa kabati, anafunga tena, huku akisema, "Hii iko sawa," kwa sauti ile ya kuita rejista. Jumapili alituita sisi majirani pamoja na mchungaji kulibariki, tukajazana ndani.

"Mwalimu, naombea gari ama nyumba?" mchungaji akauliza.

"Zote, Pastor. Na usiharakishe."

Tukafumba macho wote isipokuwa Mwalimu, aliyeketi mbele na ufunguo mkononi. Injini ilipowaka, mchungaji alipaza tu sauti. Tulipoitikia amina, tulikuwa tumeshafika mji jirani wa Elburgon.