Kibano Kati ya Shanga

Juzi kwenye kliniki ya macho Kajiado, nyanya mmoja Mmaasai alikuwa amevaa kibano cha kung'olea nywele shingoni, kati ya shanga. Mimi mtu wa mjini Kitengela nikadhani ni fasheni. Kumbe trakoma, ule ugonjwa wa macho, ilimpindia kope ndani, zikamkwaruza macho kwa miaka.

"Koko, mbona hukuja mapema?" daktari akamuuliza, akimwita nyanya kwa Kimaasai.

"Kwetu kila mama wa rika langu ako na kibano. Tunang'oana kope tukingoja chai. Nilijua ni uzee."

"Tutazigeuza, maumivu yaishe. Lakini kuona hakutarudi."

Nyanya akavua kile kibano, akapapasa hadi akampata mke wa mwanawe aliyemleta, akampa. "Shika. Wenzangu walikuwa wananitegemea mimi kuwang'oa kope."

Mkaza mwana alikipokea huku akisugua jicho. Nilitamani awe analia tu, isiwe ni kope.