Antena na Redio Zilizorudi

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake kilikuwa kidole. Niliingia duka la vifaa vya umeme kutafuta balbu, nikamkuta mwanamke mrefu, mwembamba, ameinamisha sikio kwenye redio ndogo, na kidole kimesimama juu kutunyamazisha wateja wote. Tukanyamaza kweli. Alipokishusha alisema, "Haikwaruzi," ndipo akaniuliza shida yangu. Wateja humwita Antena, naye huitika bila kinyongo.

Duka ni la mume wa dada yake. Kwa miaka mingi kazi ya Antena ilikuwa kufuta vumbi kwenye pasi na birika, na kuuza alichochagua shemeji yake. Mwaka huu, baada ya kumwomba sana, aliruhusiwa kuchagua bidhaa moja. Akachagua redio ya CD: ndogo, bei nafuu, yenye mpini wa kubebea, inayotumia umeme au betri. Watu walimcheka. CD, zama hizi? Lakini Antena alijua kabati za watu zimejaa CD za harusi na za kwaya, na hazina tena pa kupigiwa.

Redio zilitoka haraka. Kisha zikaanza kurudi.

"Inaruka kama panzi!" alisema mwalimu wa kwaya, mama mwenye miwani mizito, akiitua yake kwenye kaunta. "Inaanza ubeti wa kwanza, inadakia wa tatu. Waimbaji wangu hawajui washike wapi."

"Upande wa redio siusemi vibaya, inashika stesheni vizuri," aliongeza fundi cherehani, naye akiwa na yake kwapani. "Lakini CD, dada yangu, bure kabisa. Na betri inazitafuna kama njugu."

Shemeji mtu hakupandisha sauti. "Shemeji, Jumamosi gari la muuzaji wa jumla linapita. Zilizobaki zote zipakiwe, zirudi. Na haya mambo ya kuchagua bidhaa tuyaache hapo."

 Redio zenyewe Antena angeweza kuzisahau. Kilichomuuma ni kwamba hakuna mtu dukani mle ambaye angemuuliza tena, "Wewe unaonaje?"

Sasa, Antena ana utaratibu wake: hapokei kitu kilichorudi mpaka umwonyeshe unavyokitumia. "Usinisimulie, mama. Nionyeshe."

Mwalimu wa kwaya akaweka CD, akabonyeza. Wimbo ukaanza vizuri. Kisha akainua redio kwa mpini, akaanza kutembea nayo huku mkono wa pili ukiongoza waimbaji wasiokuwepo. Wimbo ukaruka. Fundi cherehani naye akawasha yake, akainyanyua, akatembea. Ikaruka.

"Jamani! Nani aliwaambia mtembee nayo CD ikiwa inazunguka?"

"Si wewe!" fundi alidakia. "Ulikuwa unazunguka nayo duka zima kama bibi harusi!"

Duka likaangua kicheko. Na ilikuwa kweli. Kila alipoinadi aliizungusha ikiimba ili watu waone wepesi wake. Ila kilichokuwa kikiimba ni stesheni ya redio, si CD, na stesheni haijali kutikiswa. Wateja hawakujua tofauti, na yeye hakuwaambia.

Antena alicheka mpaka akajishika mbavu. "Basi hili ni langu, nisameheni." Akaitua redio ya mwalimu mezani, akaiwasha upya. Wimbo ukaenda mwanzo hadi mwisho bila kukwama, midomo ya mwalimu ikiufuata ubeti kwa ubeti. Ulipokwisha, mama yule aliikumbatia redio yake. "Hairudi hii!"

Tangu siku hiyo Antena alianza na ubaya. "Ukitaka CD, iweke mahali pametulia. Ukitaka kutembea, fungulia redio. Betri inakula, tumia umeme. Mdundo mzito wa besi usiutafute, haupo." Mteja akisita, alimwelekeza mlango wa jirani, kwa kinyozi aliyekwisha kununua moja. "Kamuulize kinyozi. Mimi nauza, yeye ndiye anayeishi nayo." Na kinyozi, bila kuacha kunyoa, alijibu vilevile kila mara: "Besi haina, lakini sijui lini niliizima."

Jumamosi gari likafika. Dereva akaulizia mzigo wa kurudisha. Shemeji akaenda kwenye rafu, akakuta mbao tupu.

"Ziko wapi?"

"Zimeolewa, shemeji."

Dereva alicheka kabla ya mwenye duka. Shemeji akakuna kidevu, akatutazama wateja, akamtazama tena Antena. "Basi agiza nyingine, mara mbili ya zile. Na pasi na feni za msimu ujao, chagua wewe mwenyewe."

Antena alirusha kitambaa chake cha vumbi juu, kikanasa kwenye taa, na hakuna aliyejali kukitoa.

Mzigo huo mpya unakuja leo. Nimemkuta mlangoni tangu duka lifunguliwe, pamoja na akina mama watatu waliokuja na CD zao mkononi. Kila gari kubwa likikata kona, shingo zote zinanyooka.

"Ndilo?"

"Bado. Hilo la saruji."

Wanacheka, wanasogea kivulini, wanazidi kuchungulia barabarani.