Ndiyo Moja, Mizigo Miwili

Kazini walimwita Bi Tutaangalia, na jina hilo alikuwa amelitolea jasho. Kadi yake ilisema ni mmiliki wa bidhaa, ingawa pale ofisini hakumiliki chochote isipokuwa kikombe kilichovunjika mkono. Kazi yake ilikuwa kukaa katikati. Huku kuna mteja anayetaka programu ya simu ifanye kila kitu isipokuwa kupika. Kule kuna vijana wanaoiandika hiyo programu, na mkubwa wao alijulikana kwa jina la Haiwezekani. Bi Tutaangalia ndiye aliyeamua kipi kitengenezwe kwanza, kipi kisubiri, na kipi kifie mbali. Na kwa kuwa mteja haambiwi hapana usoni, alijifunza kusema "tutaangalia" kwa sauti laini, mtu akaondoka ameridhika, hadi afike kwake ndipo ang'amue kwamba hakupewa kitu.

Wakati huo walikuwa wanamtengenezea programu mzee mmoja mwenye maduka ya dobi. Unapeleka nguo, zikishafuliwa na kupigwa pasi simu yako inapata ujumbe, unakwenda kuzichukua. Basi. Lakini Mzee wa Dobi alikuwa na kichwa kama unga uliotiwa hamira. Kila Jumatatu kulikuwa kumeumuka wazo jipya. Mara programu itabiri mvua, mara imkumbushe mteja siku ya kuzaliwa ya mkewe. Yote yaliahidiwa kuangaliwa, na yote yakalala usingizi wa pono kwenye vikaratasi vilivyobandikwa ukutani.

Jumatatu moja, kwenye mkutano wa mtandaoni, mzee alikuja na lile kubwa. Nguo zikiwa tayari, simu ya mteja isilie tu, iseme. Na iseme kwa sauti yake yeye mwenyewe. Akaanza kuonyesha mfano, na sauti yenyewe ilikuwa nzito, ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Bi Tutaangalia alikuwa ameshafungua kinywa atoe jibu lake la siku zote, simu yake ikatetemeka mezani. Alikuwa mama yake. Mama yule asipopokelewa hupigia majirani, kisha humpigia bosi. Basi akaipokea kupitia kile kidude cha sikioni, kilichojificha chini ya nywele, macho yake yakibaki kwenye kompyuta kwa adabu zote.

Mama alikuwa na jambo fupi tu. Shangazi anakuja kutibiwa macho, na atafikia kwa bintiye.

"Ndiyo," alisema Bi Tutaangalia, maana kwa mama hakuna kuangalia. "Sawa kabisa. Hata wiki hii. Kwani nani amesema hapana?"

Kwenye kioo, Mzee wa Dobi aliukatiza mfano wake. Akavua miwani, akajifuta macho kwa leso. Akasema tangu waanze kazi hii hajapata kueleweka namna ile, akashukuru, kisha akakata mawasiliano upesi kabla mtu hajageuza neno.

Bi Tutaangalia alidhani atamrudia kesho yake amweleze. Lakini kesho yake maduka yote yalikuwa yametundikwa mabango ya kitambaa: dobi anayekuita kwa sauti yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Ilibidi aende kwa Haiwezekani na kumwambia ukweli wote bila kuficha. Kijana alitoa vidole kwenye kompyuta, akasema haiwezekani, kisha akauliza kama ni kweli aliyepiga alikuwa mama. Alipohakikishiwa, akavuta pumzi na kuanza kazi. Naye alikuwa na mama.

Shangazi alifika wiki ileile na mabegi matatu na mto wake wa kulalia. Alivikagua vyumba viwili vya mpwa wake, akaiokota ile kadi ya kazi mezani, akaisogeza karibu na jicho lililo zima kidogo, na kuuliza hiyo bidhaa anayoimiliki iko wapi. Aliambiwa ni programu, haishikiki. Shangazi alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyetapeliwa na bado hajaambiwa.

Sauti ilianza kufanya kazi katika duka moja, kwa majaribio. Malalamiko yakaja mbiombio. Mama mmoja alikuwa ndiyo kwanza amemlaza mtoto. Bwana mmoja alikuwa kwenye usaili wa kazi, amekaa wima na tai shingoni, mara simu mfukoni mwake ikanguruma kwamba suruali zake ziko tayari. Waliokuwa wakimsaili wakachungulia chini ya meza. Vijana wa ofisini walicheka hadi machozi. Kuyajibu malalamiko, hata hivyo, ilikuwa kazi ya Bi Tutaangalia peke yake.

Shangazi naye alikuwa amepeleka magauni duka hilohilo. Simu ilipomngurumia, alikuwa amejilaza kwenye kochi na dawa machoni. Akaitikia vizuri, akashukuru, akauliza habari za nyumbani. Kimya. Akarudia. Kimya. Alihamaki. Mpwa wake alimweleza kwamba sauti ile imerekodiwa tu, lakini shangazi akasema sauti haizaliwi porini, ina mwenyewe, na mwenyewe huyo afundishwe kusalimia watu. Asubuhi akavaa viatu. Bi Tutaangalia, akijua kwamba huenda mteja anampotea siku hiyo, akamfuata nyuma.

Dukani kulikuwa na mvuke na harufu ya sabuni, na nguo zilizofunikwa nailoni zikining'inia mpaka mlangoni. Shangazi alimsomea Mzee wa Dobi makosa yake moja baada ya jingine. Mzee hakujitetea. Alizunguka kaunta, akamletea kigoda, akajibu habari za nyumbani.

Kisha akaeleza. Zamani alikuwa akimpigia kila mteja mwenyewe. Alijua nani kaoa, nani kahama kazi, nani kanenepa na anaona haya kusema kiuno cha suruali kiongezwe. Tangu programu ije, watu wanaingia, wanaonyesha simu, wanabeba nguo, wanaondoka.

"Nimekuwa kama kabati," alisema.

Bi Tutaangalia, amesimama kati ya mashati ya watu, alisikia haya. Miezi yote alikuwa amemuuliza mzee anataka nini. Kwa nini anataka, hakumuuliza hata siku moja. Pale pale akamwambia sauti itaondolewa, na badala yake chini ya ujumbe kitawekwa kitufe cha kuongea na dobi. Anayetaka atabonyeza, na simu italia kwa mzee mwenyewe. Mzee alitafakari, akauliza kama picha yake inaweza kukaa juu ya kitufe. Akakubaliwa, safari hii kwa makusudi.

Malalamiko yalikoma. Wengi hawakukigusa kitufe kile, ila waliokigusa walitosha kumshughulisha mzee, hata mkewe akalazimika kushika kaunta na kumnyang'anya simu wakati wa kula. Macho ya shangazi yalipona, lakini siku ya kuondoka ikawa inasogezwa mbele, na mle nyumbani kila nguo ikawa chafu, hata zile zilizotoka kwa dobi jana.

Siku moja Haiwezekani alikuja mezani kwa Bi Tutaangalia amekunja uso. Alikuwa ametumia asubuhi nzima kutafuta hitilafu: mteja mmoja amekibonyeza kitufe mara nyingi kuliko wengine wote wakijumlishwa, na yeye haoni programu imeharibika wapi.

"Haijaharibika," alisema Bi Tutaangalia. "Huyo ni shangazi yangu."

Kijana akafunga kompyuta, akaenda kula.