Ubeti wa Nne wa Wimbo wa Pareto

Nimerudi Nakuru na diploma ya kurekodi sauti, niliyosomea ng'ambo kwa jasho langu, bila harambee ya mtu. Studio niliyojenga hapa Kiamunyi haina mwenzake upande huu. Ndiyo maana miezi michache iliyopita walinijia vijana wa ile bendi iliyo namba moja redioni. Wimbo wao unaujua, rafiki yangu: gita za umeme na ngoma, zimevalishwa wimbo wa zamani wa wachuma pareto. Siku hizi nyimbo za nyanya zetu ndizo zinazopanda chati.

"Mathe," mpiga gita akaniambia, "kule Keringet wanasema wewe ndio unajua ubeti wa nne. Sisi hapo tunarudia tu ule wa kwanza."

Wimbo huo aliuongoza nyanya yangu, aliyenilea kule Keringet. Bado namwona asubuhi ya baridi, kikapu mgongoni, vidole vya manjano, wanawake wakimwitikia kutoka mistari ya nyuma. Ubeti wa nne ulitaja majina ya wachumaji wenzake waliokufa, na yeye peke yake ndiye aliyeyajua kwa mpangilio. Ugonjwa wa koo ulipoanza kumuua, jirani yetu mwalimu alileta redio ya kaseti akamrekodi. Nyanya akaomba tuicheze kaburini, wenzake wasisahauliwe.

Mimi nilipenda kurekodi chati ya nyimbo ya redioni, Jumamosi alasiri, na sikuwa na kaseti tupu. Mwalimu alikuwa amevunja vile vijino vya juu ya kaseti vinavyoruhusu kurekodi, ili ya nyanya isifutwe. Nikaziba matundu kwa karatasi niliyotafuna, nikabonyeza kitufe cha kurekodi. Nilijiona fundi.

Siku ya mazishi, kaseti ilipowashwa, mtangazaji alisoma nafasi ya kumi, kisha ya tisa. Watu walingoja kwa adabu, wakidhani nyanya yuko mbele. Mwalimu akaitoa kaseti, akabandua ile karatasi kwa ukucha, akanitazama. Wa kuitikia walikuwepo. Wa kuongoza ndiye tuliyekuwa tukimfukia.

Sasa mashamba yale ni viazi vitupu, na waitikiaji wamekwisha.

Niliwaambia vijana kwamba wimbo una beti tatu tu. Nikawashauri kitaalamu: mwishoni sauti ipunguzwe polepole mpaka ipotee. Walifurahi, wakasema kweli nimesoma, tukaurekodi upya. Kila Jumamosi alasiri nausikia ukipotea hivyo, pale pale ambapo majina yangeanza.