Wakwe Waliotangulia Saa

Waliokuwepo siku ile ni hawa: mimi niliye kifungua mimba; ndugu yangu wa kiume anayenifuata; kitinda mimba wetu, ambaye ndiye aliyekuwa akiposwa; bibi wa Kipunjabi wa nyumba ya pili, mzaliwa wa Kisumu; na kutoka Amsterdam, kijana mwenyewe anayeposa, mama yake na mjomba wake. Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la saba, nikaacha shule nikawa baba na mama. Hofu yangu ilikuwa moja: je, mjomba yule angekubali kuzungumza posa na mwanamke, au angemgeukia ndugu yangu, ambaye hata shati nampigia pasi mimi?

Mjomba alikuwa amenipigia simu. "Ndege inaruka saa nne asubuhi, dada. Angani ni saa moja na dakika ishirini tu."

Umbali wenyewe hauzidi wa Nairobi na Mombasa. Nikapiga hesabu nyuma ya bahasha: watatua saa tano na dakika ishirini, foleni ya pasipoti saa moja, teksi mpaka kwetu Handsworth, huku kwa Waingereza, nusu saa. Saa saba kasoro kumi. Nikawaongezea dakika kumi za huruma. Wakizidisha hapo, faini, kama desturi, na faini hiyo niliingojea kwa hamu.

Saa sita kasoro kumi kengele ikalia. Nilikuwa na rola kichwani, nikiosha matumbo kwenye sinki. Ndugu yangu alikuwa bafuni.

Bibi akachungulia. "Ni wao. Mama mtu amevaa kofia kubwa."

"Wazuie!"

Akafungua dirisha. "Karibuni wageni! Hapa haingii mtu bila wimbo!"

Wakaimba, mvua ikiwanyunyizia.

"Wewe wa nyuma sikusikii," bibi akamwambia bwana harusi. "Rudieni."

Walipofika wimbo wa tatu, jirani wa ng'ambo alikuwa ametoka mlangoni akiwapigia makofi, nami nilikuwa nimepata kiatu kimoja.

Hatimaye wakaingia, wakichuruzika maji. Mjomba akachagua kiti kinachomtazama ndugu yangu.

"Mmekuja saa nzima kabla ya wakati," nikasema. "Hilo pia lina faini."

Mjomba akamwangalia ndugu yangu, kana kwamba anauliza kama huyu ana ruhusa ya kusema. Ndugu yangu akaangalia dari.

"Dada, tumetua saa nne na dakika ishirini," mjomba akasema.

"Na mliruka saa nne! Mmevuka bahari kwa dakika ishirini?"

Kitinda mimba akakohoa. "Sista, saa za Uholanzi ziko mbele ya zetu kwa saa moja."

"Na hukuniambia?"

"Ulisema umeshapiga hesabu."

Ningeweza kumsingizia ndugu yangu; amezoea. Lakini mzazi hajifichi nyuma ya mtoto.

"Kosa ni langu," nikasema. "Niliacha shule kabla hatujafika huko. Nitozeni mimi."

Mjomba akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akageuza kiti akanielekea. "Kumbe mwenye nyumba ndiye huyu! Mbuzi mmoja, mama. Na umlete mwenyewe Amsterdam."

Posa tukaizungumza mimi na yeye mpaka jioni. Harusi imepita, na mtoto amezaliwa. Mbuzi bado sijampeleka. Kila Krismasi mjomba hupiga simu kuuliza hali yake, nami humjibu kwamba hajambo, anaendelea kunenepa.