Baba Mkubwa Aligeuza Mshahara wa Mume Wangu Kuwa Mahari

Admin, jina langu lifiche kabisa, huku Mkalama tunajuana wote. Nina miaka thelathini na moja, nina mume na watoto wawili. Naandika nikiwa na hasira, mtanisamehe.

Baba yangu alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na kaka yake, baba mkubwa. Ana mashine ya kukamua alizeti hapa Iguguno. Nilipoolewa, mume wangu alitoa nusu ya ng'ombe wa mahari, wengine akaahidi. Baba mkubwa akamwambia, "Mkwe, usihangaike. Njoo upige kazi kwangu, tutamalizana." Mume wangu akafurahi, akaona amepata baba. Kumbe kajifunga kamba mwenyewe.

Miaka minne amebeba magunia pale. Akiuliza mshahara, anaambiwa umeingia kwenye mahari. Sasa mimi niliyekuwa nachota mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, kwenye mashine hiyo hiyo, nilikuwa nalipa mahari ya nani? Tulipewa debe la mashudu na mafuta kidogo, tukaambiwa tushukuru.

Mwezi uliopita baba mkubwa alisikia afisa kazi anakuja. Akatukusanya wote. "Akiwauliza, semeni ninyi ni familia. Mtoto halipwi kwao." Tukaitikia. Afisa alipofika kwa mume wangu, mume wangu akasema mbele ya watu wote, "Mimi ni mkwe hapa. Nadaiwa ng'ombe, sikatai. Ila hii ni kazi, na sijawahi kulipwa." Afisa akamwambia baba mkubwa kwamba mahari si mshahara, kuna kima cha chini cha sheria, na amwone ofisini.

Huku kwetu mkwe hata kula mbele ya baba mkwe anaona aibu. Kumsema mbele ya mtu wa serikali ni kumvua nguo. Mume wangu alilijua hilo na bado akasema.

Gari la afisa halijafika hata lami, baba mkubwa akachukua mpini wa beleshi. Wanawe wawili wakamshika mume wangu. Alimpiga mgongoni, akampiga mdomoni, akampiga mkono mpaka nikasikia mfupa unavunjika. Meno yalidondoka kwenye alizeti. Anapiga huku anafoka, "Ng'ombe zangu bado, na unanishtaki!" Nilipiga yowe, wenzetu wa kazini wakaangalia chini. Ndipo nikachota mashudu yanayotoka kwenye mashine, ya moto yanafuka, nikammwagia usoni. Akaachia mpini, akaanguka akijishika macho. Jicho moja halioni vizuri mpaka leo. Sijutii, na hilo ndilo linalonitisha.

Mume wangu mkono uko kwenye plasta. Kesi ya kipigo iko polisi, ya mshahara iko kwa afisa kazi. Sasa wazee wa ukoo wamekaa, wameamua yaishe nyumbani. Jumapili nipige magoti nimwombe baba mkubwa msamaha, beberu achinjwe, tule pamoja; nyama ikishaliwa, neno limekwisha. Mume wangu afute kesi zote, na mahari ihesabike imeisha. Nikikataa, baba mkubwa atanilaani na kunishtaki kwa lile jicho.

Mama alikuja akilia. "Mwanangu, aliyekulea hapigwi. Ukigoma, siku nikifa usije kunizika."

Nikamuuliza, "Na mkono wa baba watoto, mama?"

Akajifuta machozi kwa khanga, akaondoka.

Mume wangu anaongea kwa shida kwa sababu ya yale meno. Aliniambia, "Magoti piga, ni mzazi wako. Ila ukila ile nyama, usirudi hapa."

Beberu amefungwa uani kwa mama, leo asubuhi nimempelekea maji mwenyewe. Jumapili ni keshokutwa. Ndugu zangu, hasa mliolelewa na mtu kisha akawageuka, nishaurini, nifanye nini? Na mtakaosema nikapatane, niambieni kabisa ile nyama nitaimezaje.