Siku Nilikataa Makala ya Bwana Yangu

Chekeni tu, bandugu, haya yenyewe niliimaliza zamani. Hata leo, hapa kwetu mu komini ya Kenya, mutaa ya muji yetu, si ile inchi, muntu akipika haricot, maharagwe, na ikataa kuiva, bajirani banamuuliza, "Umepika na jua ya Mama Tereza?" Mama Tereza njo miye. Na ile jua, kweli ya Mungu, ilinivua nguo mbele ya bakwe.

Ilikuwa ile miaka kampuni kubwa ya muji yetu ilianza kufa. Mbele, bwana yangu, Papa Tereza, alikuwa anatumika ku centrale, kule balikuwa banatuma courant, umeme, mu muji muzima, na sisi bantu ya kampuni tulikuwa tunapika ku plaque, jiko ya umeme, courant bure, makala ilikuwa kitu ya bantu ya pori (njo vile nilikuwa nasema, Mungu anisamehe). Halafu mushahara ikakosa mwezi moja, ikakosa sita, bantu bakakata kamba ya shaba bakauzisha, courant ikakuwa inakuya saa inapenda yenyewe, na plaque yangu nikaigeuza kitu ya kuwekea redio. Muji muzima ikarudi ku mbabula, ile jiko ya bati yenye matundu. Makala asubuhi, makala jioni, na makala inatoka mu miti. Papa Tereza, mwanaume alikuwa anawashia muji taa, akakamata baiskeli akaenda pori kuchoma makala. Mwanzo alikuwa anaenda na kurudi siku moja, miti ilikuwa karibu. Kisha siku mbili. Kisha ine. Kila safari pori inasogea mbali, na kila safari anarudi na kikohozi kupita ile ya kwanza.

Nilikuwa namuonea huruma, lakini pia nilikuwa naona haya, nasema yote mbili juu leo sifichi tena. Siku jamaa ya kijana Donat ilikuya kulomba binti yetu Tereza aolewe naye, papa yake Donat, muzee mupole ya kule Ruashi, komini ya pembeni, akauliza kwa heshima, "Na papa anatumika wapi?" Bwana yangu akafungua kinywa, lakini yangu ikamutangulia, "Iko chef d'équipe, mukubwa ya batumikaji, ku centrale, mupaka sasa!" Papa Tereza akaangalia viatu yake. Nakumbuka Papa Donat naye aliangalia viatu yake, miye nikafikiri ni adabu tu.

Basi, ile mwaka ma sœur moja, mutawa ya ku paruasi, akatufundisha bamama kupika na jua. Unakamata sanduku ya carton, ndani unabandika aluminium, juu unafunika kioo, sufuria unapaka nyeusi, unaweka pa jua na unaenda zako. Moshi hamuna. Muti haukatwi. Siku ya kwanza haricot yangu iliiva mpaka ikalainika, nikalia pale pale ku lupango, mu uwanja ya nyumba, juu nilifikiria safari moja Papa Tereza hataenda tena pori. Kutoka pale nikakuwa muhubiri! Ku kisima, ku soko, ku mulango ya kanisa, maneno ni jua tu, jua, bantu bakanipa jina Mama Jua na miye nikalipenda. (Na kusema ukweli, nilipenda pia kwamba sanduku haichafue mikono, na muntu akiingia kwangu haoni vumbi ya makala.)

Sasa sikilizeni, juu njo hapa nilijichimbia shimo. Kwetu kuko desturi ya kuonesha moto. Mbele ya ndoa, jamaa ya bibi arusi inapika chakula ya kila namna, bamama banabeba ku kichwa, banaenda banaimba mpaka kwa mukwe, na mbele yabo kunatembea mbabula yenye makala ya kuwaka. Mwanamuke mukubwa ya kule anatosha mu ile mbabula kala moja, kaa ya moto, anaweka ku jiko yake, na kuanzia pale kijana anaweza kula kwenu bila haya. Bila ile moto, ndoa haiendeleye, na ndoa yetu ilipangwa Siku ya Posho, Jumamosi yenye kufuata.

Papa Tereza akaniambia, "Mama, nilichagua muti ya mubanga, makala yake inawaka bila moshi. Niliweka gunia moja pembeni, ya siku ya mutoto. Nitaileta Ruashi miye mwenyewe." Nikaona akifika na baiskeli yake, mweusi mpaka ku masikio, mbele ya bakwe benye nilibadanganya. Nikamujibu, "Hapana, papa, acha. Hii ni maneno ya bamama. Tutapika yote na jua, tubaoneshe kitu ya mupya." "Sawa, mama," akasema, na akaenda kuuzisha ku barabara sawa siku zote.

Tantine Berthe, dada ya bwana yangu, aliniuliza, "Na bukari ya unga, utaikoroga mu sanduku?" Nikamwambia tutapika muchele. Akasema, "Bakwe, bila bukari?" akajipigapiga mikono, na miye nikadhani nimemushinda.

Asubuhi ile jua ilitoka muzuri sana, masanduku sita zikapangwa ku lupango, kuku ndani, haricot ndani, sombe ya majani ya muhogo ndani. Saa ine ya asubuhi wingu moja ikapita. Nikasema, itaenda. Ikaita bandugu yake. Saa sita hatukuwa tunaona hata kivuli yetu, kamyo ya kukodi inapiga honi, na miye nikaamua (ah, kichwa yangu!) kwamba chakula itamalizia kuiva mu njia. Tulishuka mwanzo ya Ruashi, bamama bakaweka masanduku ku kichwa, ngoma ikaanza, na pale jua ikatoboa kidogo, nikaanza kupiga kelele katikati ya wimbo, "Geukeni! Jua iko kushoto!" Bamama sita bakacheza banatembea upande upande, vioo inapiga bantu mu macho, batoto ya Ruashi banatufuata banacheka, na mbele yetu, pahali ya mbabula yenye moto, kunatembea miye na mikono mitupu.

Kambo Ngosa, nyanya yake Donat, alikuwa ameketi ku kiti na pagne, kitenge yake ya siku kubwa. Akangojea wimbo iishe. Akaangalia nyuma yangu, akaangalia pembeni yangu.

"Moto iko wapi, mama?"

"Kambo, moto yetu ni jua," nikasema, na sauti ya kuhubiri. "Haikate miti, haina moshi."

Akainua macho yake ku wingu, pole pole, na bantu bote bakainua macho. Kisha akaomba haricot. Akaweka moja mu kinywa. Ile sauti, *ka*, bandugu, muntu ya mwisho ku mulango aliisikia! Akaitosha, akaiweka ku kiganja, akaiangalia na huruma. Bakafunua kuku, damu ikatiririka ku sahani. Muchele ilikuwa ingali inaogelea. Mumoja akaanza kucheka, banne bakafuata, na Tereza yangu, mwenye tulikuya naye, alikuwa ameketi ku mukeka na kitambaa ku kichwa, nikaona mabega yake inatetemeka. Hakuwa anacheka.

"Tupike tena hapa, kambo," nikamulomba. "Mutuazime makala kidogo."

"Makala iko, mama. Lakini moto ya kwetu itatuoneshaka moto ya kwenu namna gani?" Hakusema kwa ubaya. "Bila moto ya jamaa ya mutoto, siwezi kupokea. Siku ya Posho itangojea."

Mutoto yangu alikuwa anapoteza ndoa yake juu ya kiburi yangu, na gunia yenye ingemuokoa niliikataa na kinywa yangu mwenyewe. Njo Papa Donat akasimama. Akakamata baiskeli ku ukuta. "Bangojee kidogo," akasema. "Miye najua kwenye nitapata moto ya jamaa ya Tereza." Na hakuniangalia.

Tulingojea. Bamama yangu sita balikuwa bamekalia masanduku yabo. Nilikuwa naomba ardhi inimeze, lakini ardhi ya Ruashi iko ngumu.

Kisha bakaingia. Papa Donat mbele, na nyuma yake bwana yangu anasukuma baiskeli, gunia ku kiti, mweusi mpaka ku masikio, sawa vile niliogopa. Akasimama ku mulango ya lupango, hakuingia. Alikuwa ananiangalia miye, anangojea nimupe ruhusa. Bwana yangu, miaka ishirini ya ndoa, anangojea ruhusa yangu ya kuonekana. Pale njo nilijisikia mubaya kupita haricot, kupita kuku, kupita yote.

Nikamufuata. Nikakamata kipande ya pagne yangu ya mupya, nikamupangusa uso mbele ya bantu bote, pagne ikakuwa nyeusi. Nikamushika mukono nikamuleta mbele ya kambo.

"Kambo, huyu njo bwana yangu. Haiko ku centrale tena. Anachomaka makala. Niliwadanganya."

Kambo Ngosa akacheka bila meno. "Tunajua, mama. Mwana yangu ananunuaka kwake ku barabara. Mwaka muzima tunakula ku moto ya huyu mwanaume."

Papa Donat akaangalia viatu yake. Bwana yangu akaangalia yake. Balijua tangu siku ya kulomba, na banaume bawili balinifichia uongo yangu kwa heshima, kila muntu upande yake.

Papa Tereza akapiga magoti, akawasha mubanga yake mu mbabula, akapuliza, akakohoa, akapuliza tena. Kambo akatosha kala moja na mikono yake mwenyewe, akaipeleka ku jiko yake. Tantine Berthe alivua viatu akakoroga bukari. Tulikula mpaka magharibi, na Tereza alioleka Siku ya Posho.

Sanduku yangu ingali iko, musidhani niliitupa. Jua ikiwaka kweli, haricot inaenda ndani tangu asubuhi, na Papa Tereza anapumuzika safari moja, pori nayo. Wingu ikikuya, nawasha mbabula bila kubishana. Lakini niliapa kitu moja: muntu akiniuliza bwana yangu anatumika wapi, namujibu mbele hajamaliza kuuliza, tena kwa sauti, Papa Tereza asikie kutoka ku lupango.